Nyuzi Mia Moja Sitini na Nne

Asubuhi ya Jumanne mafuta yaliwaka yakiwa baridi.

Mpimaji alikuwa ndiyo kwanza amejaza kikombe cha shaba hadi kwenye mstari, akachomeka kipimajoto, akawasha kile kimwali kidogo kama punje ya mtama kinachokaa kwenye ncha ya mrija wa gesi. Jiko la chini hakuwa ameligusa. Akapitisha kimwali juu ya mafuta mara moja, kwa mazoea tu, kama mtu anayejaribu kalamu kabla ya kuandika. Juu ya mafuta pakapita mwako wa buluu, kutoka ukingo huu hadi ukingo ule. Pap! Ukazimika.

Akatazama kipimajoto. Nyuzi ishirini na sita.

"Haiwezekani," akasema, ingawa chumbani hapakuwa na mtu wa kumjibu.

Mafuta mazima ya injini hayashiki moto hovyo. Inabidi yapashwe polepole mpaka kupita nyuzi mia mbili, na mpimaji hupitisha kimwali juu yake kila baada ya nyuzi mbili, akisubiri. Pale yanapotoa mwako wa kwanza, anaandika namba. Mafuta yaliyochanganywa na petroli au dizeli huwaka mapema, na hapo mchezo wa muuzaji umejulikana. Kipimo hiki hakina ujanja. Moto unaulizwa, moto unajibu.

Alifundishwa hivyo na fundi mzee ambaye sasa amestaafu. Mzee yule alikuwa na desturi yake. Kabla ya kuwasha kimwali aligonga meza mara mbili kwa kifundo cha kidole na kusema, "Hodi." Maabara nzima ilimcheka. "Chekeni tu," alikuwa akisema. "Moto una mwenyewe. Huingii nyumbani kwa mtu ukaanza kumhoji bila hodi." Mpimaji aliirithi desturi hiyo pamoja na koti na kiti cha mzee. Kwa miaka kumi na moja hakuwasha kimwali bila hodi.

Wiki tatu zilizopita aliacha. Hakusahau. Aliona haya.

Akamwaga mafuta, akakisafisha kikombe, akakikausha. Kikombe kitupu sasa, kinang'aa. Akapitisha kimwali juu yake. Mwako ukatokea tena, palepale mahali ambapo mafuta yangekuwa, na safari hii haukuzimika. Ulikaa ukielea, mwembamba, bila moshi hata chembe. Akaushikia kifuniko cheupe cha kauri kwa juu. Hakikupata doa la masizi. Vidole vyake ndivyo vilivyoungua.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa muosha chupa, mwanamke ambaye wafanyakazi wote walimwita Shangazi.

"We mwanangu, unachoma nywele humu?"

"Sichomi kitu. Njoo uone, Shangazi."

"Nione nini? Mimi humu huwa naona vyombo vyenu vichafu tu." Lakini alisogea, akauona mwako, na utani ukamwisha. Akanong'ona, "Zima gesi."

"Nimeshazima."

Wote wawili wakatazama kishikio cha gesi. Kilikuwa kimefungwa. Mwako ukayumba kidogo, kama mtu anayegeuza shingo kuwatazama, kisha ukatoweka. Harufu ya nywele zilizoungua ilibaki mpaka saa sita.

Saa sita ndipo vipimajoto vilipoanza. Kile cha kwenye beseni la maji ya moto kilipanda hadi mia moja sitini na nne, na maji hayakuchemka. Cha kwenye tanuri kikasimama mia moja sitini na nne, na tanuri lilikuwa limezimwa tangu jana. Hata kile cha ukutani, kidogo, cha kupimia joto la chumba, ambacho namba zake zinaishia hamsini, kilipanda mpaka juu kabisa, kikatoa mlio kama mtu anayesaga meno, kikapasuka.

Shangazi alikusanya vipande kwa ufagio. "Hiyo mia na sitini na nne ni kitu gani?"

"Sijui," mpimaji akajibu.

Alijua.

Wiki tatu nyuma maabara ililetewa mafuta ya aina tano kuyalinganisha. Yaliletwa kwenye chupa zisizo na majina, zimeandikwa moja hadi tano, ili mpimaji asijue ya nani ni yapi na asipendelee. Yatakayoshinda yangenunuliwa kwa ajili ya jenereta za hospitali. Chupa ya nne ilitoa mwako kwenye nyuzi mia moja sitini na nne. Mpimaji akarudia. Mia moja sitini na nne. Akarudia mara ya tatu, maana ndiyo sheria, na jibu halikubadilika. Akaandika namba zote tatu kwenye kikaratasi, akampelekea Mkuu wa maabara.

Mkuu alikisoma, akakikunja, akakitia mfukoni.

"Kipimajoto chako kibovu," alisema. "Andika mia mbili ishirini na nne."

"Kipimajoto ni kizima, Mkuu. Hizo nyingine nne nimezipima nacho hichohicho."

"Mkataba wako unaisha mwezi ujao, au nimekosea?"

"Hujakosea."

"Basi andika, mama. Na chupa ya akiba ya namba nne uimwage."

Akaandika. Kwa mkono wake mwenyewe, kwenye daftari kubwa lenye kurasa zilizohesabiwa, akaandika mia mbili ishirini na nne. Namba nne ikashinda. Jambo moja tu hakulifanya: hakuimwaga chupa ya akiba. Aliisukuma nyuma kabisa ya kabati, akafunga, akaenda nyumbani na hasira ambayo hakuwa na pa kuiweka. Alimkasirikia Mkuu. Alijikasirikia zaidi.

Na kilichomnyima usingizi si hospitali tu. Fundi wa jenereta wa hospitali ile alikuwa mdogo wake wa kiume, ambaye yeye ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Kila siku ya kazi mdogo wake alikaa kwenye chumba chenye mlango mmoja, yeye na injini kubwa kuliko kitanda cha watu wawili. Mafuta yaliyochanganywa huwa mepesi. Vyuma husagana, joto hupanda, mvuke hujaa tumboni mwa injini, na siku moja injini hupasuka.

Jumatano jioni mdogo wake alikuja kula. Alikuwa mtu wa maneno mengi na kicheko cha karibu. Alikaa kwenye kigoda jikoni huku dada yake akikoroga mchuzi juu ya jiko la gesi.

"Dada, mapipa yenu yameletwa leo."

"Mapipa gani?"

"Ya mafuta! Namba nne, cheti chenu kimebandikwa juu yake. Wenzangu wanauliza, haya tuyaamini? Nikawaambia, oneni saini ya chini hapo. Huyo ndiye aliyenifuta kamasi. Mkiona amesema mazima, ni mazima." Akacheka. "Kesho asubuhi namwaga ya zamani, saa nne naweka mapya."

Mwiko ukasimama mkononi mwa dada.

"Usiyaweke kwanza."

"Kwa nini?"

"Nasema tu. Subiri subiri kidogo."

"Nisubiri nini? Injini inakunywa masizi sasa hivi. Umeme ukikatika nimwambie daktari dada yangu kasema tusubiri?" Kicheko kilikuwa kimemwisha. Alimtazama dada yake usoni kama alivyokuwa akimtazama utotoni, alipotaka kujua kama sindano itauma. "Dada. Yana kasoro?"

Hapo ndipo angesema. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Lakini alifikiri juu ya mkataba, na saini, na uso huu mbele yake utakavyobadilika ukijua, na woga ukashinda.

"Hayana kasoro," akasema. "Nilikuwa nakutania."

Moto wa jiko ukainuka.

Uliinuka bila sauti, ukapita ukingo wa sufuria, ukapita kifuniko, ukasimama mrefu kama mtoto wa miaka sita, mweupe, mwembamba, bila moshi, na ile harufu ya nywele ikajaa jikoni, na mchuzi ukaacha kuchemka kana kwamba joto lote limenyonywa kutoka kwake likapelekwa pengine, na ndani ya ule mweupe, pale ambapo mtu angekuwa na mdomo, kukatokea sauti kavu ya kutatarika, kama mafuta yanayodondokewa na maji, sauti ambayo mdogo wake hakuisikia, kwa maana aliruka tu kufunga gesi huku akipiga kelele, lakini dada yake aliisikia neno kwa neno.

*Niliulizwa. Nikajibu. Mara tatu. Mkaandika lingine.*

Kisha jiko likazimika.

"Badilisha huu mpira wa gesi!" mdogo wake alifoka, akipepea mkono. "Utajichoma humu siku moja, dada!"

Alhamisi asubuhi hakuna aliyetaka kuingia maabara. Shangazi alikuwa amesimama uani na ndoo yake, amekataa kabisa, na wengine nyuma yake. Mkuu alikuwa mwekundu wa macho. Usiku kucha, alisema, simu zilimlilia kwamba madirisha ya maabara yanawaka na hakuna kinachoungua.

"Ushirikina mtupu," alisema. Lakini alikuwa amemleta mganga.

Mganga alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi na mkoba wa mkononi, kama mtu anayekwenda kumwona mwalimu wa mwanawe. Hakuleta ngoma wala ubani. Saa ya ukutani ilionyesha saa tatu na dakika arobaini walipoingia watatu: yeye, Mkuu na mpimaji.

"Mfukuze," Mkuu akasema. "Haraka. Nina kazi."

"Baba, mtu hafukuzwi kabla hajaulizwa shida yake." Mganga aliketi mbele ya kikombe cha shaba, akavua viatu, akaviweka sawasawa chini ya kiti. Akagonga meza mara mbili. "Hodi."

Mpimaji akageuka kumtazama.

Mwako ukatokea juu ya kikombe kitupu. Ukakua. Mwanga wake ulikuwa na ubaridi, lakini rangi ya meza ilianza kuvimba na kububujika, na vipimajoto vyote kwenye droo vikaanza kugongana kama meno ya mtu mwenye homa. Mganga alisikiliza kwa muda mrefu, kichwa kikiwa upande, akiitikia, "Ee. Ee. Nimekusikia." Kisha akageuka, na sauti yake haikuwa tena ya upole.

"Nani alimuuliza huyu?"

"Ni mimi," mpimaji akasema.

"Akakujibu nini?"

Mkuu akasema haraka, "Usimjibu. Hii si kazi yako, mama. Nimekuita ufukuze, hukuitwa kuhoji watu."

"Huyu si wa kufukuzwa!" Mganga alisimama, na hasira yake ilikuwa ya mzazi aliyechoka. "Amekaa humu miaka kabla yenu. Mnamwamsha, anawaambia kweli, analala. Hajawadai chakula, hajawadai damu. Nyinyi mmechukua ushahidi wake mkaugeuza, mkatia na saini. Mimi ningekuwa yeye ningeshachoma nyumba!"

Mwako ukapiga dari. Sauti ikawajia wote watatu safari hii, Mkuu naye, na haikutoka kwenye kikombe peke yake, ilitoka kwenye swichi ya taa, na kwenye kiberiti kilichokuwa mfukoni mwa Mkuu, na kwenye taa nyekundu ya tanuri, kila mahali penye moto au penye kitu kinachotaka kuwa moto, ikisema namba ileile, mia moja sitini na nne, mia moja sitini na nne, kwa hasira iliyokuwa ikipanda nyuzi mbili mbili kama kipimo chenyewe.

"Anataka nini?" mpimaji akalia.

"Anataka jibu lake. Liandike kama mnavyoandika."

Katika maabara ile makosa hayakufutwa. Ndiyo sheria ya kwanza aliyofundishwa na mzee wake. Namba mbaya hupigwa mstari mmoja tu, mwembamba, ili kila mtu aendelee kuisoma na kuona ulichokosea. Namba ya kweli huandikwa juu yake. Kisha unatia saini na tarehe. Mpimaji alifungua daftari. Karatasi ilikuwa ya moto kama paji la uso la mgonjwa. Akapiga mstari juu ya mia mbili ishirini na nne. Akaandika mia moja sitini na nne. Akatia saini. Akatia tarehe.

"Mwanamke, una wazimu?" Mkuu alimpokonya daftari, akaung'oa ukurasa ule, akausogeza kwenye mwako. "Haya! Kula! Si unataka?"

Moto ukaipisha karatasi. Uligawanyika, huku nusu na huku nusu, kama watu wanaompisha mgonjwa mlangoni. Mkuu akaisukuma ndani zaidi. Mkono wa shati lake ulianza kukunjamana na kuwa mweusi, lakini karatasi ilibaki nyeupe, na wino haukukolea wala kufifia. Akapiga yowe, akaiachia. Mpimaji akaiokota.

Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na dakika tano.

Akampigia mdogo wake. Simu iliita mara sita.

"Dada, niko kazini, sema haraka. Nimeshamimina. Naiwasha sasa hivi nisikie inavyounguruma."

"Usiwashe! Toka humo chumbani. Nilidanganya."

"Ulidanganya nini?"

"Namba. Namba nne ni mbovu, yamechanganywa. Niliyapima mara tatu, nikaandika uongo. Saini ni yangu. Yamwage, usiwashe, nakuomba."

Upande wa pili alisikia pampu za maji za hospitali, na mtu akisukuma kitoroli, na pumzi ya mdogo wake. Alipozungumza, sauti ilikuwa ya chini sana.

"Jana nimekula chakula chako. Nikakuuliza. Ukanitazama machoni."

"Ndiyo."

"Na siku zote unajua ninavyokaa na hii injini."

"Ndiyo."

"Wewe..." akasema. Hakuwasha. Alikata simu. Hakula tena kwa dada yake mwaka ule, wala mwaka uliofuata.

Mwako ulikuwa umerudi kuwa punje ya mtama. Mganga alivaa viatu vyake, akachukua mkoba. Mlangoni aligeuka kumtazama Mkuu, aliyekuwa akipuliza mkono wake.

"Ushahidi wa mama umekwisha," akasema. "Wako bado. Ukiulizwa, sema kweli."

"Toka hapa!" Mkuu akafoka.

Kamati ya uchunguzi ilikaa wiki iliyofuata. Mpimaji aliuleta ukurasa ule, akaileta chupa ya akiba ambayo hakuimwaga. Maabara nyingine iliipima, ikaona mia moja sitini na nne. Akasema, "Nilijua. Niliandika kwa mkono wangu, kwa amri, na sikukataa." Mwanga wa taa ya mezani mbele yake haukutikisika. Mkataba wake haukuongezwa, na hakuomba uongezwe.

Kisha Mkuu akaulizwa.

"Sikujua lolote," akasema, akifunga vifungo vya koti. "Huyu aliandika peke yake. Kikaratasi? Kikaratasi gani?"

Wakaamini, au walipenda kuamini. Wakampa mkono. Akatoka barazani akitabasamu, akatoa sigara, akawasha kiberiti chake cha gesi. Sigara ikashika. Akaachia kitufe. Mwali haukuzimika. Ulishuka taratibu kutoka kwenye kiberiti, ukapanda kwenye kidole gumba chake, ukakaa hapo, mweupe, mwembamba, bila moshi.

Walimkimbiza hospitali ileile. Umeme ulikuwa umekatika, na nje jenereta lilikuwa likiunguruma vizuri, kwa mafuta mengine. Walikizima kidole kwa maji, wakakipaka dawa, wakakifunga bandeji nene. Daktari wa zamu, kijana mstaarabu, akavuta kiti, akafungua faili.

"Pole sana, mzee. Hebu niambie, umeunguaje?"

Mkuu akatazama mlango. Akatazama kalamu ya daktari ikisubiri.

"Ajali tu," akasema. "Sijui hata imetoka wapi."

Daktari akaandika. Kisha akainua pua, akanusa, akauliza nani anachoma nywele humu. Na chini ya bandeji nyeupe, polepole, kitu kikaanza kung'aa.